Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2025: hawa vifaranga wa kuagiza na basi

Ndugu wanachama wenzangu wa chama cha wafuga kuku, wazee shikamooni, wengine habari za masiku. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka 2025, nimeiandika kwenye simu usiku huku nalinda jiko la kuwapa joto vifaranga kwahiyo mkikuta pahala nimerukaruka mnivumilie. Mambo ya ada na kitabu cha benki mhazini atawasomea siku ya mkutano, hela ipo. Vikao tulikaa vyote kasoro kile cha mwezi wa kumi na mbili, mvua ile mnaijua wenyewe. Mi nafasi yangu naitumia kwa jambo moja tu, vifaranga tunaoagiza kutoka Dar, maana mwaka huu wametutoa machozi kuliko ugonjwa wa kideri na kuliko bei ya chakula.

Nianze na kosa langu mwenyewe kabla hamjanisema. Mwezi wa sita mimi ndo niliyewashawishi tumhame yule muuzaji tuliyemzoea, nimeona kwenye simu mtu anauza nafuu shilingi mia tatu kwa kila kifaranga, nikasema jamani hii si faida ya bure, watu mkaniamini mkachanga, boksi nane, kila boksi mia na wale wawili wa nyongeza. Basi limetoka stendi ya Mbezi, Dar, asubuhi, mabosi wa mizigo wakazisukuma boksi kwenye buti chini, juu yake magunia na juu ya magunia sijui godoro la nani, afu Mikumi pale mchana mnajua jua lake, na kufika mlima Kitonga kuna lori limelala barabarani basi wakakaa hapo masaa. Mimi na katibu tuko stendi Makambako tumejifunga mablanketi, basi limeingia saa nane usiku, baridi ya mwezi wa sita inayong'ata masikio. Aliyewahi kupokea vifaranga anajua kwamba boksi la wazima unalisikia kabla hujaligusa, ni kelele tupu. Boksi tatu zilizokuwa katikati zilikuwa kimya.

Sasa hapa nataka tuelewane vizuri maana nimesikia wengi wanasema "kifaranga anakaa siku tatu bila kula". Ni kweli lakini ni ukweli wa nusu. Kifaranga kabla ya kutoka kwenye yai anavuta kile kiini kilichobaki kinaingia tumboni mwake na ndo chakula chake cha safari, kinaweza kumbeba kama masaa 72. Lakini hayo masaa yanahesabiwa toka alipototolewa, si toka basi lilipowasha injini! Kwenye mashine ya kutotolea hawatoki wote pamoja, wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima na zaidi, na wote wanasubiriana, afu wachambuliwe, wapigwe chanjo, wapakiwe, walale stoo, ndo waende stendi. Kwahiyo anayepanda basi leo asubuhi huenda ana siku moja na nusu tayari, ukimwekea na foleni ya Kitonga umebaki na nini? Tena njaa siyo inayoua kwanza, ni joto na hewa. Vifaranga mia kwenye boksi wanatengeneza joto lao wenyewe, ndo maana boksi lina matundu na limegawanywa vyumba vinne vya ishirini na tano ili wasilaliane, ukiziba yale matundu kwa gunia umewapika. Huku kwetu nyanda za juu ni kinyume, wakitua kwenye baridi wanarundikana na wa chini wanakosa pumzi.

Na msidhani ni ushamba wetu. Marekani posta inabeba vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, wana sheria ya hayo hayo masaa 72, na bado mwaka huu huu wa 2025 huko Delaware gari la posta lilikutwa na vifaranga kama 12,000 limeachwa siku tatu, maelfu wamekufa humo ndani. Mwanangu alinionyesha nikasema duh, wenye ndege na lami mpaka mlangoni nao yanawakuta.

Turudi kwetu. Yule muuzaji nilimpigia asubuhi ile ile, akajibu kwa upole kabisa, mzee, mzigo ukishapanda basi ni wa kwako. Wa basi nao wakanigeuzia risiti nisome nyuma, kampuni haihusiki na mzigo unaoharibika. Nimejifunza kwamba kati ya Mbezi na Makambako kifaranga hana mwenyewe.

Kibaya zaidi kuna wale waliofika wazima tukashangilia, siku ya tatu mpaka ya tano wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Kifaranga aliyekauka maji njiani unamjua miguu yake imesinyaa ngozi imejikunja, huyo ukimwekea chakula kwanza umemmaliza. Maji kwanza, ya uvuguvugu yenye glukosi, mchovye mdomo mmoja mmoja hata kama ni mia nne, chakula baada ya masaa mawili matatu. Na bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe imeshapata joto kabla basi halijafika, nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, sio ndo unaanza kutafuta mkaa wakati boksi liko sebuleni. Maranda huku kwetu yamejaa kila kiwanda cha mbao, hakuna sababu ya kulaza kifaranga kwenye sakafu.

Lingine ni la kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mama mmoja humu chamani, sitamtaja, aliagiza broila, kuku wa nyama, mia mbili, wakaja wa njano wazuri, kalisha wiki sita kuku hana paja wala kifua, kumbe ni majogoo ya leya, kuku wa mayai! Leya wa kahawia jike anatotolewa ana rangi ya kahawia na dume ni wa njano mweupe, yule dume hatagi na hanenepi upesi, kuna wajanja wanawauza kama broila au wanakwambia ni chotara. Na ugonjwa wa Mareks, ule wa kupooza miguu, ndo usiseme, chanjo yake inapigwa siku ile ile ya kutotolewa, kama hawakupiga wewe huku ukipiga ni kazi bure, utalisha miezi minne afu kuku anaanza kuvuta mguu mmoja mbele mmoja nyuma wakati unasubiri yai. Chanjo ya kideri siku ya saba na ya gumboro siku ya kumi na nne hayo ni yetu na tunayaweza, ila Mareks ni ya kwao, tudai uthibitisho.

Matapeli nao, vijana wawili walituma hela kwa mtu mwenye picha za banda zuri, picha za kuiba, namba ikazimwa. Ni ndugu za wale matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Wale mnaoniuliza kwanini tusivute vifaranga vya bei chee kupitia Namanga, bila kibali sitaki hata kusikia. Mwaka 2017 walikamatwa vifaranga 6,400 pale wakachomwa moto. Na hili la kununua mashine yetu nalipenda sana, ila kwa umeme huu unaokatika na hatuna mayai yenye mbegu ya uhakika tutakuwa tumenunua kabati. Tutalijadili mkutanoni.

Tulichokubaliana na kamati ni kwamba tumerudi kwa yule wa zamani, tunaagiza kwa pamoja, na mtu mmoja wetu anapanda basi na boksi kwa nauli ya chama. Nusu ya hela baada ya kuhesabu wazima, amekubali. Basi liwe la usiku, sasa yanaruhusiwa tangu 2023, boksi zikae juu na watu, kiti tutalipia. Mwezi wa sita na wa saba hatuagizi. Na watoto wakishika vifaranga wanawe mikono, wale wadudu wa kuharisha hawaonekani kwa macho.

Ile hasara ya mwezi wa sita kamati ilitaka igawanywe sawa kwa wote waliochanga, mimi nimeomba sehemu yangu iwe ya boksi mbili na nimeshaanza kulipa, mhazini ana risiti. Oda ijayo inatoka Dar alhamisi ya pili ya mwezi wa pili, mwenye kutaka kuingia aandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, na tunahitaji watu wawili wa kulala stendi na majiko.