Barua kwa Binti Yangu: Yule Anayekurudishia Karatasi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Eldoret. Baba yako hajambo, mahindi tumeshayaingiza ghalani, na mdogo wako anajiandaa kwa mtihani kwa kasi yake ileile unayoijua. Ujumbe wako niliusoma nikaamua kukuandikia, kwa kuwa jambo lenyewe halifai kujibiwa kwa simu mtu akiwa anasonga ugali. Umeomba nikuongezee pesa ujiunge na kozi ya yule bwana anayejiita kocha wa mafanikio, na katika ujumbe huohuo umelalamika kwamba yule mama mnayefanya kazi pamoja katika idara ya hesabu hukurudishia kila karatasi ikiwa imejaa wino mwekundu. Nimeyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja, nikaona kwamba unataka kumlipa mgeni kwa kitu ambacho tayari unapewa bure mezani pako.

Kapsisiywa unaijua, kule Nandi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana mmoja wa huko, aliyelelewa na mama yake mwalimu wa chekechea, alimwendea jirani yao Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992, akamwomba ratiba ya mazoezi. Sang akampa ya wiki mbili. Zilipokwisha, kijana akarudi kuomba nyingine, akaifanya nayo, akarudi tena. Ilichukua muda kabla Sang hajauliza huyu ni mtoto wa nani, na alipouliza akagundua kwamba ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea. Utanisamehe nikisema kwamba mimi, kwa kuwa nami ni mwalimu, sehemu hiyo hunifurahisha kuliko medali zote zilizofuata.

Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Watu wengi huisimulia habari hii kana kwamba Sang alitembea vijijini akitafuta kipaji mpaka akakipata. Ukiitazama vizuri utaona kwamba aliyetembea ni kijana, na kwamba hakwenda kuomba maneno ya kumtia moyo. Alikwenda kuomba kazi, akaifanya asipokuwepo wa kumtazama, kisha akarudi kuonyesha kwamba ameimaliza. Vijana wangapi waliwahi kumwomba Sang ratiba, wakaiweka mfukoni, wasionekane tena? Mwalimu yeyote anawajua vijana hao, kwa kuwa kila shule inao.

Faida ya kukaa na mtu mmoja anayekujua huonekana zaidi mambo yanapokwenda kombo. Mwaka 2012 Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, naye alikuwa bingwa wa dunia wa zamani na mwenye medali mbili za Olimpiki, ya shaba ya Athens na ya fedha ya Beijing. Mwanariadha wa kiwango hicho akianguka hivyo, hakosi washauri wa kila namna, na wengi wao humshauri kustaafu. Yeye alibaki na Sang, akahamia marathoni, na mwaka uliofuata akashinda ile ya Hamburg, iliyokuwa marathoni yake ya kwanza. Baadaye zikaja dhahabu za Olimpiki za Rio na Tokyo, muda wa saa 2:01:39 mjini Berlin mwaka 2018, na ule wa 1:59:40 wa Vienna mwaka 2019, Kipchoge na Sang wakiwa bado mtu na kocha wake. Sidai kwamba kocha ndiye aliyekimbia, wala kwamba kocha huzuia miaka kusonga, maana katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kipchoge hakumaliza mbio. Ninalosema ni kwamba uamuzi wa kumhamisha mtu kutoka uwanjani kwenda barabarani unahitaji jicho lililomtazama kwa miaka mingi, na jicho hilo haliwezi kuwa la mtu anayehutubia watu mia tatu katika ukumbi wa hoteli kisha akapanda gari akaondoka.

Umeniandikia pia kwamba mama huyo wa hesabu hana shahada kama yako. Sasa mtazame Brother Colm O'Connell, aliyetoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, hapa karibu yetu. Hakuwahi kuwa mwanariadha wa kutajika wala hakusomea ukocha, lakini alikaa kando ya uwanja akitazama vijana wanavyokimbia, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaona mambo ambayo wakimbiaji wenyewe hawayaoni. David Rudisha aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, dakika 1:40.91, amepitia mikononi mwake. Mama huyo amezitazama hesabu za kampuni yenu tangu ukiwa shule ya msingi.

Najua utanitajia Julius Yego, kwa kuwa ulimtaja hata siku ile tulipobishana na mjomba wako. Ni kweli alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na sifa hiyo ni yake halali. Lakini wanaoisimulia hukatia hapo, wakiacha kwamba baadaye alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, akafanya mazoezi chini ya kocha, na kwamba mita 92.72 zilizompa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 zilikuja baada ya safari hiyo. Video ilimfikisha mbali sana. Hata hivyo haikuweza kumwambia mkono wake mwenyewe ulikuwa wapi wakati wa kuachia mkuki.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, nikipokea wanafunzi wa ualimu waliokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao aliniletea maazimio yake ya kazi kila Ijumaa, na kila Ijumaa palikuwa na lengo lililoandikwa “mwanafunzi aelewe ngeli ya KI-VI.” Nililifuta neno “aelewe” nikamuuliza kuelewa huko atakuona kwa macho gani. Alinuna. Ijumaa iliyofuata akaleta “mwanafunzi ataje nomino tano za ngeli ya KI-VI na kuzitumia katika sentensi,” nami nikajua darasa lake litafundishika. Wenzake waliniomba “ushauri wowote mwalimu,” nikawapa wowote. Huyu aliniletea karatasi, kwa hiyo nilikuwa na kitu cha kushika.

Neno moja zaidi kwa kuwa wewe ni binti na Nairobi ni Nairobi. Anayetaka kukuongoza atakuongoza ofisini, mchana, na wengine wakijua. Akitaka mkutane usiku, au akikwambia usimwambie mtu, au akianza kukudai shukrani, ondoka siku hiyohiyo, hata kama anajua kazi kuliko wote jengoni. Kuongozwa hakumfanyi mtu kuwa mali ya anayemwongoza.

Basi pesa ya kozi sitatuma, ingawa sisemi kwamba bwana huyo ni tapeli. Yaelekea anasema mambo mazuri, na hiyo ndiyo kazi yake. Nimetuma ya kodi ya nyumba, utaiona kwenye M-Pesa. Jumatatu chukua ule ulinganisho wa daftari na taarifa ya benki aliokurudishia mwezi jana, urekebishe kila palipo na wino, umpelekee kabla hajaudai, kisha umwombe wa mwezi huu ujaribu kuufanya peke yako tangu mwanzo. Usimwambie kwamba unatafuta mlezi wa kikazi, atashangaa bure. Mpigie simu baba yako Jumapili, na mimi unitumie picha ya karatasi hiyo ikirudi, na wino wake wote.

Mimi mama yako anayekupenda.