Bhoke, ukirudi sema ni wewe

Bhoke mwanangu,

Mama yako kaniambia jana usiku, nimeshazima taa, kwamba ya Uchina imekamilika na unaondoka mwezi ujao. Kwa nini yeye ajue kabla yangu, hilo tutaliongea. Sikatazi. Msichana wa Kikurya kurusha ndege ya kivita, pale kilabuni nimeshawaambia wote, hata wasiouliza.

Nina neno moja tu. Kwenda watakufundisha vizuri. Waulize kurudi: nikirudi nyumbani, aliyeko chini na mzinga atajuaje kuwa ni mimi?

Ya vita ya Kagera na Amin wa Uganda unayajua, siyarudii. Ya Musoma sijakusimulia. Uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la nne, nikakutuma maji. Mwaka 1978, vita ikiwa bado mbichi, ndege tatu zilitunguliwa pale Musoma. Zilikuwa zetu, na waliozitungua ni sisi. Ndege za kivita za Amin, zile Mig, zilikuwa zimeshapiga Bukoba, kila mtu shingo iko juu. Yeye ana Mig, sisi tuna Mig. Jua liko machoni, ndege inakuja kwa kasi ile, bendera huioni, namba huioni, na mngurumo unakufikia yenyewe imeshapita. Nilikuwa na miaka 20. Kufyatua haikuwa kazi yangu. Mimi nilipewa darubini, niangalie na kupaza sauti. Nani alipaza kwanza siku ile, hakuna aliyeandika.

Najua utaniambia siku hizi ndege ina mtambo wa kujitambulisha kwenye rada. Sawa. Mtambo huzimwa, waya hukatika, na kijana aliyeko chini huenda hajalala siku mbili. Wewe ongea na wa chini. Kama hawajakujibu, zunguka, ongea tena. Usione aibu kuuliza mara tatu. Wewe tangu utoto ukishauliza mara moja unajifanya umeelewa.

Na aliye juu naye haoni kama anavyodhani. Machi 29, 1979, ndege ya Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Watu wanaicheka mpaka leo. Siku chache baadaye Mig zetu zikaenda kupiga Kampala na Jinja. Sisi tulishahamishiwa Mwanza. Wenzangu walikuwa wakishangilia zinapoondoka, mimi nilizihesabu zinaporudi, roho mkononi, na darubini nilishaomba apewe mwingine. Marubani wale walikuwa vijana wa rika langu, tukigongana kantini hatukuwa tukiangaliana sana. Mmoja alinipa sigara nikaikataa. Sijui kwa nini nakuandikia habari ya sigara.

Bati ulizotuma zimefika, zimepungua 2, mwenye duka anaapa alihesabu. Ng'ombe mweupe kazaa dume. Chacha karo yake bado, nimeahidi nikiuza kahawa, ila usitume wewe, hizo pesa nunua koti zito. Presha ya mama yako imepanda. Yeye anasema ni chumvi.

Picha uliyotuma umevaa kofia ile kubwa ya rubani nimeiona. Uso hauonekani kabisa. Nimemwonyesha jirani, akaniuliza huyu ni nani. Basi nikakaa nayo muda mrefu. Waulize, Bhoke, usisahau. Andika kwenye daftari kama hutaki kuuliza mbele ya wenzako.

Na ukija kuaga, piga simu ukiwa Tarime mjini, hata kama ni usiku. Tumefuga mbwa mpya, hakujui.

Baba yako