Vijana wa vikundi vya korosho Tandahimba, msimzomee mwenye wasiwasi

Wanangu,

Kikao chenu cha juzi nilikaa pembeni kimya, nikatoka na hasira. Binti mmoja aliuliza: "Mvua ikinyesha mikorosho imetoa maua, je? Na dawa ya salfa ikichelewa?" Mkamzomea. "Usitutie nuksi! Waza chanya, dada!" Akakaa. Nilikuwa jirani yake, nikaliona daftari lake: pampu ikiharibika tuazime kwa nani, turubai la kuanikia likichanika tufanyeje. Kikao kikafungwa bila hata swali moja kujibiwa.

Nani kawaambia huyo amekata tamaa? Aliyekata tamaa ni yule anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, zingali mtini, kwa sababu moyoni ameshaamua kwamba mnada hautamfaa kitu.

Huko Marekani, wanasaikolojia Julie Norem na Nancy Cantor waliliandika hili mwaka 1986. Wapo watu ambao kabla ya mtihani hutarajia mabaya na kuyapitia moja moja, na hufaulu sawasawa na wenye matumaini makubwa. Ukiwaambia "utaweza tu, usijali", wanaharibikiwa. Naye mwanasaikolojia mwenzao, Charles Snyder, alifundisha kwamba tumaini lina nguzo mbili: nia ya kufika, na njia za kufikia. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, watu wakalala njiani. Njia ya pili ataitafuta nani, kama kuitaja tu ni nuksi?

Sisi wazazi tumewalea hivyo, nakiri kwa niaba ya wenzangu. Mtoto akitaja baya tunamfokea: "Koma, mdomo huumba!" Wakati wa matumaini ya gesi asilia, pale Mtwara mjini watu walijenga nyumba za wageni kwa mikopo, na aliyeuliza wageni wasipokuja itakuwaje aliitwa adui wa maendeleo. Leo tembeeni muone vyumba vilivyofungwa.

Nawe binti yangu, wasiwasi ukishaupatia jibu, funga daftari ulale. Ukikesha nao utakula afya yako. Kula, sali, cheka na wenzako.

Kikao kijacho, kabla salfa haijagawiwa, aanze yeye kusema. Asome daftari lake lote, na kila swali liwe na jina la mtu atakayelishughulikia.

Mama yenu, Tandahimba