Hofia Hadna, Achana na Muwasho

Sahare, Tanga

Bakari sahibu yangu, assalaam aleikum.

Barua yako shemeji kanifikishia. Kumbe umeweka tezo chini, sasa unatengeneza boti za faiba huko Bagamoyo! Na usiku hulali, mwili wawasha, mkeo kasema ni upupu. Nimecheka, unisamehe.

Muwasho huo ni vipande vya kioo vya hiyo faiba vinavyochoma ngozi kama miiba ya dagaa. Ukitoka kazini usijikune. Jimwagie maji baridi yatiririke kwanza, sabuni baadaye, na taulo usisugulie. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mimi nilizichanganya na kanga za mama watoto, akawashwa hadi Ijumaa. Hakunisema, ila ugali nilikula mkavu.

Vumbi lake ndilo usilivute. Tumia msasa wa maji, na ukishika grenda vaa barakoa ya vumbi hasa, si kitambaa. Lakini anayekwambia faiba ni ndugu wa asbesto, yale madini yaletayo saratani, anakutisha bure. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilizipima nyuzi ndefu za kioo, kama hizo za mati, zile shuka za faiba, likaona ushahidi hautoshi kuzihesabu miongoni mwa visababishi. Stairini, ile inayonuka kwenye resini, gundi ya maji tunayolowesha mati, mwaka 2018 iliwekwa mahali pabaya zaidi: yaelekea inasababisha saratani. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo, unataka ile yenye vichujio vya kemikali. Na kaskazi ikivuma, simama upande inakotoka, kichwa kikianza kuzunguka toka.

Tena mvuke wa stairini hushika moto kuanzia nyuzi joto 31 hivi, nawe joto la pwani walijua. Anayevuta sigara avutie mbali kule.

Mwezi uliopita tulichanganya kilo tatu za resini na hadna, ile dawa ya kuigandisha, adhana ikatukuta katikati. Tukaacha ndoo kivulini tukaenda kuswali. Kurudi, yafuka moshi, plastiki imelegea kama nta, resini imepasuka nyufa kama tope la kiangazi. Resini ikiganda hutoa joto, na ikijaa kwenye chombo chenye kina joto hilo halina pa kutokea. Sasa baki tunalimwaga kwenye bati pana, lisambae.

Ila kinachonifanya nikuandikie ni hadna. Ukiitazama ni maji tu. Kilo moja ya resini yataka gramu 10 hadi 20, na kwa sababu ni kidogo hivyo watu huidharau, huimimina kwa macho. Tone likiingia jichoni laweza kukupofusha. Likiingia, papo hapo osha kwa maji mengi, dakika 15 zisipungue, kope umezifungua kwa vidole, ndipo ukimbilie hospitali. Usianze na hospitali. Dumu la maji safi likae pale pale unapochanganyia. Na kobalti, yale maji ya zambarau ya kuharakisha resini igande, usiikutanishe na hadna moja kwa moja bila resini: hulipuka. Koroga kobalti kwenye resini kwanza, hadna iwe ya mwisho.

Usinawe mikono kwa asetoni kama ulivyoandika. Hukausha ngozi ikapasuka, kisha kemikali hizo nyingine zipate njia ya kuingia.

Nimekununulia miwani mbili za kufunika pembeni, shemeji atakuja nazo Alhamisi. Moja ina mkwaruzo kushoto, hiyo vaa wewe. Nzima mpe yule kijana wako anayepima hadna.

Wako,
Mbwana