Hotuba mmeiacha Chicago, mkatuletea makofi

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuliandikia gazeti lako ilikuwa 1997, kuhusu taa za barabarani. Hamkuichapa barua, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi, maana mmenitia mimi mwenyewe gazetini, tena mmenitia ovyo.

Habari yenyewe unaikumbuka, ile ya Jumamosi, Agosti 24, 2024, kurasa mbili za katikati, kuhusu hotuba ya Kamala Harris ya kukubali kugombea urais wa Marekani katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Chicago. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu na kalamu nyekundu mkononi, tabia niliyobaki nayo baada ya miaka 31 ya kufundisha Kiingereza. Nimehesabu aya ishirini na mbili. Aya zinazosema mama yule alisema nini ni mbili. Zilizobaki ni makofi, machozi, suti yake ya bluu iliyokoza, wajumbe wanawake waliovaa nyeupe, maputo yaliyomwagika kutoka juu, na Beyoncé, ambaye watu walimngoja usiku ule na asitokee. Asiyetokea kapewa aya nne. Mgombea kapewa mbili!

Sasa nije kwangu. Ijumaa ile nilipomaliza swala ya alfajiri niliwasha simu aliyoninunulia binti yangu, nikaisikiliza hotuba mwanzo mpaka mwisho. Kwao Alhamisi usiku, kwetu saa kumi na moja na nusu, na ilipoisha saa kumi na mbili ilikuwa imekwisha kupita. Hazikufika dakika arobaini. Saa mbili nikawa barazani kwa muuza kahawa wetu hapa Ngamiani, tuko watano, kashata kwenye sahani, dele linafuka. Akaja mwandishi wenu, kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye. "Shikamooni wazee wangu. Natafuta maoni ya wananchi kuhusu hotuba ya Kamala." Kimya. Fundi cherehani wetu akauliza, "Kamala huyu wa Bukoba?" Kijana akamweleza kwa sentensi moja kwamba huyu ni wa Marekani, mama yake Mhindi, baba yake Mjamaika, anagombea urais. Fundi akafikiri kidogo akasema, basi vizuri. Kesho yake nasoma gazetini: "Imenigusa sana kama mzazi," alisema fundi cherehani. Bwana wa watu hana habari na hotuba hata sasa. Kutwa nzima ya Jumamosi alikuwa akiniomba nimwambie ilimgusa wapi.

Zamu yangu ikafika. "Kwa kifupi, mzee." Nikasema, na mashahidi wanne ninao: "Hotuba nzuri, ila kwenye Gaza amepita kama mtu apitaye mlangoni kwa anayemdai. Kasema Israel ina haki ya kujilinda, kasema Wapalestina wana haki ya utu, usalama na uhuru wao, halafu akashika njia. Na wajumbe wa chama chake mwenyewe walilala nje ya ukumbi wakiomba Mpalestina mmoja tu apewe jukwaa, wakanyimwa." Kijana aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, tena alinisimamisha nimtajie tena hilo la wajumbe. Gazetini kikatoka hiki: "'Hotuba nzuri,' alisema mzee mmoja mkazi wa Ngamiani huku akitabasamu."

Mhariri, mimi sikuwa natabasamu. Na hiyo "ila" yangu nani kaila? Kama ukurasa ulikuwa hautoshi, mngempunguzia Beyoncé aya moja. Mmenifanya shangazi wa harusini, anayepiga vigelegele kabla bibi harusi hajashuka garini. Mwezi uliopita mlifanya hivyo hivyo kwa mpinzani wake, Donald Trump, kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Republican kule Milwaukee. Yule alisema dakika tisini na mbili, kwa saa zetu alianza saa kumi na moja na nusu akamaliza saa moja imekwisha gonga, siku tano tu baada ya kupigwa risasi ya sikio kule Butler, Pennsylvania. Mwanzo alisimulia ile risasi kwa sauti ya chini, ukumbi kimya, akaenda kulibusu kofia la zimamoto aliyeuawa siku ile. Baada ya hapo hotuba ikatoka barabarani ikaingia porini, na huko porini ndiko yalikokuwa mambo ya kutujulisha sisi: ushuru, mipaka, wahamiaji. Ninyi mlituletea picha za wajumbe waliojibandika bandeji nyeupe masikioni kumuiga, na mwanamieleka Hulk Hogan akijichania fulana. Nikajua bandeji ina ukubwa gani. Ushuru sikujua.

Na hayo makofi mnayoyapima yamemfaa nani? Mwaka 1988 kule Atlanta, kwenye mkutano mkuu kama huu wa Democratic, gavana mmoja kijana alipanda kumnadi mgombea wao, Michael Dukakis, akazungumza mpaka watu wakachoka, na aliposema sasa anamalizia ukumbi mzima ukashangilia. Magazeti yakamwandika kwamba huyu basi. Baada ya miaka minne Bill Clinton, yule yule, akachaguliwa rais. Mwaka 2004 kule Boston wote tulimpigia makofi Barack Obama, wenzetu wa Kenya wakakesha kwa furaha baadaye, lakini mgombea wa mwaka ule alikuwa John Kerry. Niambie Kerry alisema nini. Mwaka 2012 kule Tampa mwigizaji Clint Eastwood alizungumza na kiti kitupu akidai amekaa Obama, usiku ule ule Mitt Romney anakubali kugombea. Kiti tunakikumbuka wote. Wala tusiende mbali: Julai 2015 pale Dodoma wajumbe wa CCM walimwimbia marehemu Lowassa kwa sauti iliyotikisa ukumbi, na jina lake lilikuwa limekwisha kukatwa kwenye orodha ya wanaowania kugombea urais. Ungelipima makofi siku ile ungemwapisha.

Hapa nitoke kidogo nje ya mada, utaniwia radhi. Hivi nani anawatafsiria? Mkutano mkuu wa chama, ambao kwa Kiingereza ni "convention", neno ambalo pia ni mkataba, mmeuita "Mkataba wa Kidemokrasia wa Chicago". Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, kaniuliza mkataba huo umesainiwa na nani. Wajumbe waliokuwa ndani ya ukumbi mmewaita "wajumbe wa sakafuni", jirani yangu akasikitika kwamba nchi tajiri vile imekosa viti. Hii si tafsiri ya mtu, ni ya mashine, na mashine haioni haya. Wafasiri wapo, vyuo vinawatoa kila mwaka, wanazunguka mjini na bahasha. Zamani redioni mtu akikosea neno kama hilo alipigiwa simu kabla taarifa haijaisha. Siku hizi nikipiga simu kwenu naambiwa nibonyeze moja.

Ninachoomba si kikubwa. Hotuba ya mgombea ichapeni, yote, kwa Kiswahili cha mtu mwenye jina, na jina lake liwe chini yake ili tujue wa kumlaumu. Nafasi ipo: ukurasa wa 19 ule wa mikeka ya kubeti, ambao kwangu unafungia kashata. Kisha, kabla hamjamwuliza mwananchi maoni, mwulizeni kwanza alichokisikia dakika ya ishirini. Asiyejua, mwandikeni kwenye mabano "hajaisikia" na maoni yake yafuate, kwani ni haki yake. Na huyo kijana wenu apewe saa ya mezani yenye kengele. Kama ofisi haina fungu, nitamnunulia mimi, aje aichukue barazani, Jumatatu mpaka Ijumaa kabla ya saa tatu.

Septemba 10 Harris na Trump wanakutana kwenye mdahalo. Kwetu itakuwa saa kumi alfajiri, najua mtatuletea rangi ya tai. Mimi nitakuwa macho, na safari hii fundi cherehani kaniomba nimgongee dirisha.

Sahihisho langu nalitaka ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule. Liseme kwamba mzee wa Ngamiani alisema "ila", na kwamba wakati huo alikuwa akitafuna kashata.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.