Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: Simu iliyoibwa inaonekana, mbona hairudi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Naandika kuhusu simu zinazoibwa, na naomba usiiweke barua hii kando ukidhani ni habari ya vibaka wa kwenye daladala tu. Mdogo wangu anauza chakula karibu na stendi moja hapa Dar es Salaam, tena ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wenzake. Vijana wawili waliokuwa kwenye pikipiki walimpitia akiwa anarudisha chenji, simu ikaenda. Laini aliirudisha jioni ileile, na pesa za kwenye simu alizikuta salama, kwa sababu namba yake ya siri si mwaka wa kuzaliwa. Kilichopotea ni hesabu: nani kaleta hisa, nani anadaiwa, mafundi gani wa gereji wanakula kwa mkopo na kulipa mwisho wa wiki. Fundi aliyekula wali maharage wiki nzima hakumbushiki kirahisi kama hakuna maandishi.

Kituoni alifanya kila kinachotakiwa. Alikwenda na boksi la simu, lile lenye kibandiko cha IMEI, yaani namba tambulishi ya simu, akafunguliwa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Askari wa kaunta alikuwa muungwana, nisimsingizie. Alinakili tarakimu zile 15 kwa kalamu kwenye kitabu kikubwa, akaruka moja, mdogo wangu akamwonyesha, akaikata na kuandika upya. Kisha akamwambia, "Nenda nyumbani mama, tutakupigia." Hakupigiwa. Aliporudi kuulizia alielekezwa kwa mpelelezi, na mpelelezi akamwambia barua ya kuomba taarifa kampuni ya simu haijatoka, ila kama ana haraka anaweza kuchangia usafiri wa kuipeleka. Jina la kituo nalihifadhi. Simtafutii mtu adhabu.

Nataka kujua jambo moja: kwa nini barua hiyo inahitaji usafiri?

Mheshimiwa, sheria ipo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwenye upelelezi wa jinai azitoe. Mkuu wa kituo, si lazima makao makuu. Na taarifa zenyewe zipo. Simu ikiwashwa na kuwekewa laini hujitambulisha kwenye mtandao kwa IMEI yake, na laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole. Hukusahau zile foleni za vitambulisho vya taifa vya NIDA zilizotukesha mpaka tarehe ya mwisho, 20 Januari 2020. Tuliambiwa tuvumilie kwa sababu usajili ule ungewaumbua wahalifu. Tukavumilia. Leo mtu akiweka laini yake kwenye simu ya mdogo wangu, kampuni ya simu inaweza kujua ni laini ya nani, ila polisi hawajauliza.

Najua nitajibiwa kwamba ipo njia ya kuifungia simu. Ni kweli. Mamlaka ya Mawasiliano ina rajisi kuu ya namba tambulishi, ileile iliyozima simu bandia Juni 2016, na simu iliyoripotiwa inaweza kufungiwa kwenye mitandao yote ya nchini. Lakini kuifungia ni kumkomoa mwizi tu. Simu iliyofungiwa hapa huvunjwa ikauzwa kioo, betri na kamera, au huvushwa mpaka wa Tunduma ikaanza maisha mapya upande wa Zambia. Wengine hupeleka kwa fundi abadili IMEI, na hilo ni kosa kisheria, ingawa mafundi wanaojua kulifanya wanajulikana mitaani kuliko wanavyojulikana polisi. Mwenye mali anabaki na boksi tupu.

Wapo wasiosubiri, na hao ndio wanaonitisha. Kijana anaingia kwenye akaunti yake ya Google kwa simu ya rafiki, anaona nukta kwenye ramani, anakusanya wenzake wanakwenda. Ile nukta ina duara kuizunguka, Mheshimiwa. Manzese au Tandale, duara la mita chache tu linafunika nyumba tatu nne, na kila nyumba ina wapangaji wa vyumba sita au saba. Wataanza na mlango upi? Wataanza na kijana asiye na kazi anayekaa barazani. Mtu akishaitwa mwizi katika mitaa yetu hapewi nafasi ya kuonyesha risiti. Polisi wanatuonya kila mara tusijichukulie sheria mkononi, nami naunga mkono, lakini onyo hilo lina uzito gani kwa mtu aliyeambiwa achangie nauli ya barua?

India wamekwenda mbali zaidi yetu. Tangu Mei 2023 raia aliyeibiwa anaingia kwenye tovuti ya Sanchar Saathi, anajaza IMEI na taarifa ya polisi, na simu inafungiwa nchi nzima. Mtu akijaribu kuiweka laini, taarifa inakwenda polisi bila mwenye simu kumwangukia yeyote. Nchi ile ina watu zaidi ya bilioni moja. Sisi tunashindwa nini?

Ombi langu kubwa ni muda. Toa agizo kwamba RB ya simu yenye IMEI iende kampuni za simu kwa njia ya kielektroniki ndani ya siku zinazotajwa, na mlalamikaji apate ujumbe mfupi: imetumwa, imejibiwa, au simu haijawashwa. Hata jibu la "haijawashwa" linampa mtu utulivu, naye anaacha kushinda kaunta.

Halafu kuna mnunuzi, na hapa sitapendwa na walioibiwa wenzangu. Mara nyingi anayekutwa na simu ni dada aliyeinunua kwa fundi akidhani kapata ya bei nafuu. Akipigiwa na polisi anazima, anaitupa, kwa sababu anajua kupokea mali ya wizi ni kosa. Mwambieni waziwazi kwamba akiileta mwenyewe na kumtaja aliyemuuzia, atachukuliwa kuwa shahidi. Na wauzaji wa simu zilizokwisha kutumika walazimishwe kuwa na daftari la IMEI na kitambulisho cha aliyewaletea. Wanaonunua vyuma chakavu wanahitaji leseni. Anayenunua simu ya laki tano usiku hahitaji hata kuuliza jina.

Mdogo wangu amenunua kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, cha kupokelea oda. RB yake bado iko wazi, na nikiulizwa na ofisi yako nitaitoa siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania