Ongeza, jaza au jazia?

Mwandani wangu,

Barua yako imenikuta mzima, ila swali lake limeninyima usingizi. Unaandika mwongozo wa ghala, unataka neno la kurudisha bidhaa zilizopungua zifike kiasi chake. Uliandika "kuongeza" ukalifuta, ukaandika "kujaza" ukalifuta pia. Ulifanya vyema.

Kuongeza hakujali kama kitu kimepungua. Waweza kuongeza magunia juu ya ghala lililokwisha kusheheni, na hujakosea Kiswahili. Kujaza nako hakukumbuki jana: tangi jipya lisilowahi kuonja tone la maji hujazwa, na fomu hujazwa vilevile. Wewe unatafuta neno linalojua kwamba palikuwa na kiasi, kikatumika, na sasa kinarudi.

Mimi ningeandika "kujazia". Ile -i- ndogo ndiyo yenye kazi, inatupeleka penye pengo. Ukimwambia mtu "jazia sabuni kwenye rafu", anajua papo hapo kwamba sabuni zilikuwapo, zimepungua, na zilizobaki haziondolewi. Angalia tu usije ukaandika "ghala limejazia", maana mtaani aliyejazia ni mtu mwenye mwili wake!

Lipo pia "kujaliza", nami nalipenda kuliko yote. Hiyo l imejificha ndani ya jaa kama ilivyojificha ndani ya kaa na zaa, mpaka tuseme kalia na zalia ndipo ichomoze. Kujaliza ni kutimiza kilichopelea. Lakini mtu wa ghalani mwenye haraka atalisoma "kujali", kwa hiyo tuwaachie washairi.

"Kujaza upya" silikatai. Lifae chombo kilichokwisha kabisa, kama mtungi wa gesi au kibweta cha wino. Kwa rafu yenye nusu ya mzigo linanipa picha ya mtu anayemwaga vyote kwanza ndipo aanze.

Halafu usichanganye kujazia na kuagiza, kosa nililoliona kwenye rasimu yako. Ikiwa katoni 10 hutumika kila siku na mzigo huchukua siku 6 kufika, agizo lazima litoke zikiwa zimebaki 60, pamoja na chache za dharura juu yake. Mzigo ukishashushwa ndipo mtu anajazia. Andika "jazia" mahali pa "agiza" na mtunza ghala atasubiri rafu iwe wazi ndipo akumbuke kuandika agizo, na huku chovya chovya imeshamaliza buyu la asali.

Nitumie kurasa zilizobaki. Mola akujazi kwa kunikumbuka, na hilo, kabla hujaniuliza, si jaza yetu hii. Mzizi wake ni wa Kiarabu: akulipe mema.

Wako,
yuleyule wa maneno